Rubani Aliyevuka Ruvuma

Katika mkutano wa kuadhimisha Siku ya Mashujaa uliofanyika hapa Madibira, kijana mmoja aliinuka, akawaomba radhi wazee, kisha akauliza: je, Mzungu aliyevaa magwanda ya jeshi la mkoloni aweza kuhesabiwa miongoni mwa mashujaa wa ukombozi wa Afrika? Baadhi ya watu walicheka. Mzee mmoja aliyeketi karibu na meza kuu aliguna, akasema kuwa siku hizi shule zinawafundisha watoto mambo ya ajabu. Mwendesha mkutano akasema muda umekwisha. Sisi tuliokuwa mbele tulikuwa na jibu, au tulidhani tunalo, lakini tulinyamaza pamoja na wengine. Kunyamaza kule kumetuonea haya, na ndiko kulikotushikisha kalamu.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, ambao huenda Madibira wanaijua kwa mchele tu, yafaa tueleze kwanza mahali tulipo. Tuko Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, lakini ukiifuata barabara ya kupanda mashariki unatokea Mafinga, nayo ni Iringa. Tu ukingoni mwa bonde la Usangu. Maji ya Mto Ndembera ndiyo yanayotulimia mpunga, na katika mashamba hayo utawakuta Wahehe, Wasangu, Wabena na wengineo wamechanganyika jaruba kwa jaruba. Babu zao hawakuchanganyika hivyo.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mtwa Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Hilo watoto wetu wote wanalijua. Wasilolijua ni kwamba Wazungu katika kikosi kile walikuwa wachache mno. Waliobeba bunduki walikuwa askari zaidi ya 300, nao ni Waafrika: Wasudani walioandikishwa kule Misri, na watu wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Na katika miaka iliyofuata, Mkwawa aliposakwa porini mpaka akajitoa roho mwezi Julai 1898, ukoo wa Merere wa Usangu, ambao Wahehe walikuwa wameufukuza kwao, ulikuwa upande wa Mjerumani. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Kila mmoja alikuwa na kisa chake, na kisa cha Wasangu hakikuwa kidogo. Twasema tu kwamba mtu wa Madibira ndiye wa mwisho ambaye angepaswa kudhani kuwa rangi ya ngozi humwonyesha mtu yuko upande gani wa vita.

Sasa tumjibu kijana.

Jacinto Veloso alikuwa Mreno aliyezaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Alikulia katika jamii ya walowezi, akaingia jeshini, akawa ofisa rubani katika jeshi la anga la Ureno, akapangiwa kazi katika koloni lile lile alilozaliwa. Mwaka 1963, yeye na mwenzake João Ferreira waliichukua ndege ya jeshi huko Msumbiji, wakaigeuzia pua Tanganyika, wala hawakurudi. Walikuja kujiunga na FRELIMO.

Tunaomba msomaji autazame vizuri mwaka huo. FRELIMO ilikuwa imeundwa mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na risasi za kwanza za vita vyake zilikuja kulia tarehe 25 Septemba 1964. Kwa hiyo rubani huyu alihama kabla ya vita kuanza, wakati ambapo chama alichokiendea kilikuwa na ofisi, wakimbizi na matumaini, huku Salazar wa Ureno akiwa na ndege, meli na marafiki wakubwa wa huko Ulaya na Marekani. Mtu anayeangalia upepo unakovuma hawezi kuhama wakati huo. Kwa sheria ya jeshi lake alikwisha kuwa mtoro na msaliti. Mshahara, cheo, nyumba ya wazazi na mji wa utoto wake vyote alivitupa nyuma ya mto. Mwaka 1974, tarehe 25 Aprili, maofisa wa Ureno waliochoshwa na vita vya Afrika waliupindua utawala wa mabavu mjini Lisbon, nasi tuliwapongeza, maana kitendo chao kilifungua njia ya mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba mwaka ule. Lakini walikuwa wengi, na vita ilikwisha kuwaelemea. Veloso alifika miaka 11 kabla yao.

Wala hakuwa wa pekee. Hélder Martins alikuwa daktari katika jeshi la majini la Ureno. Alilitoroka mwaka 1961, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo wa FRELIMO, akawafundisha vijana wa chama hicho kazi ya uganga, na Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa kwanza. Kwingineko Afrika mambo yalikuwa hayo hayo. Henri Maillot, Mfaransa wa Algeria aliyekuwa katika jeshi la Ufaransa, alitoroka mwezi Aprili 1956 na lori zima la silaha, akawapelekea wapigania uhuru, na baada ya miezi miwili hivi akauawa. Jirani zetu wa Kenya wana Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo wa KAR na kupigana Burma kwa ajili ya Mfalme wa Uingereza, kisha akaingia msituni akajulikana kama Jenerali China. Huyu wa mwisho hakuna anayemtilia shaka. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mweusi, basi. Jeshi alilotoka lilikuwa la mkoloni yule yule.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo linatuuma, na ambalo viongozi wetu hawapendi kulisikia katika sherehe.

Veloso alikaa Algeria kwa muda, nchi iliyokuwa imetoka vitani na ambako wapiganaji wa kwanza wa FRELIMO, Samora Machel akiwa mmoja wao, walipata mafunzo. Kisha akarudi Dar es Salaam, akawa mwalimu katika Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, shule iliyoanzishwa na Eduardo Mondlane na mkewe Janet kwa ajili ya vijana wakimbizi. Rubani akawa anafundisha watoto. Ndipo zikaingia fitina. Padri mmoja mwanaharakati, Mateus Gwenjere, alianza kuwaambia wanafunzi kwamba Wazungu hawana nafasi ndani ya FRELIMO, na kwamba vijana waliosoma hawapaswi kupelekwa vitani. Maneno hayo mawili yalikwenda pamoja, nasi tunaona kwamba la pili ndilo lililokuwa na utamu. La kwanza lilikuwa kifuniko chake. Mwezi Machi 1968 fujo zikalipuka shuleni, shule ikafungwa. Mwezi Mei ofisi ya FRELIMO mjini ikavamiwa, na Mateus Muthemba, mmoja wa viongozi wake, akapigwa hata akafa. Katika mwaka huo, serikali yetu iliwaamuru Veloso, Martins na mwalimu mwenzao Fernando Ganhão waondoke nchini.

Tunajua hoja zilizotolewa. Ilisemwa kwamba mji ulikuwa umechemka, kwamba usalama wa wageni wenyewe ulikuwa mashakani, kwamba nchi changa yenye adui mpakani haiwezi kuchezea fujo. Hoja hizo zina uzito wake. Ureno ilikuwa na majasusi wengi, na tarehe 3 Februari 1969 Mondlane mwenyewe aliuawa papo hapo Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Ofisa wa jeshi la adui anayetua ghafla mlangoni ni mtu wa kuhojiwa, tena kuhojiwa sana. Asiyemhoji ni mpumbavu. Lakini watu hawa walikwisha kuhojiwa kwa miaka mitano ya kazi. Walikuwa wamefundisha, wametibu, wamelala njaa pamoja na wenzao. Waliofukuzwa mwaka 1968 hawakufukuzwa kwa kosa walilolitenda. Walifukuzwa kwa sababu rangi yao iliwafaa wachochezi.

Na tazameni kilichofuata. Mapema mwaka 1969 Lázaro Kavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo la Cabo Delgado, mzee wa Kimakonde, Mwafrika asiye na doa lolote la Uzungu, aliyekuwa akituhumiwa kuyageuza maduka ya ushirika kuwa mradi wake mwenyewe, alijisalimisha kwa Wareno, nao wakamtumia kuwaita wapiganaji waweke silaha chini. Yeye naye alivuka Ruvuma. Mwelekeo wa kuvuka ndio uliokuwa tofauti. Ndani ya miezi isiyozidi kumi na miwili tulikuwa tumewafukuza Wazungu watatu waliokuwa waaminifu, na mweusi mmoja ambaye hakuna aliyefikiri kumfukuza alikuwa amekwenda kukaa na adui. Kama kuna darasa la siasa lililokuwa na mwalimu mkali kuliko hilo, sisi hatujalisikia.

Tulikuwa na udhuru gani? Wasomaji wetu maofisa wa serikali wanajua kwamba ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilihusu udugu wa binadamu wote. Wanajua pia kwamba mwezi Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, Bunge lilipojadili uraia na baadhi ya wabunge wakataka utolewe kwa rangi, Mwalimu Nyerere aliiweka serikali yake rehani kuliko kukubali. Msingi ulikuwepo. FRELIMO nayo ilikuwa na msingi huo huo: Mondlane, na Samora baada yake, walishikilia kwamba adui ni mfumo wa ukoloni, na Mreno anayeukataa mfumo huo ni mwenzao. Sisi wenyeji wao, tuliowapa ardhi, kambi na hifadhi, tuliyumba pale ambapo wageni wetu hawakuyumba.

Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu kabla ya kupita shule ya serikali tulifundishwa habari za Khalid bin Walid tungali watoto wa kukaa mkekani. Siku ya Uhud alikuwa upande wa Makureshi, kiongozi wa wapanda farasi, naye ndiye aliyewazunguka Waislamu kwa nyuma wapiga mishale walipokiacha kilima; na msiba wa siku ile kila aliyesoma anaujua. Miaka michache baadaye alikwenda Madina mwenyewe, akasilimu. Kule Muuta, baada ya maamiri watatu kufa mmoja baada ya mwingine, bendera ilikabidhiwa yeye, akalitoa jeshi katika hatari, akaitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Mwalimu wetu alikuwa mkali wa bakora, lakini hakutufundisha hata siku moja kumkumbuka Khalid kwa Uhud peke yake. Wala hakutufundisha kuisahau Uhud. Alitufundisha yote mawili, kwa mfuatano wake.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi kuliko sisi wa bara. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipofanyika, miongoni mwa waliosimama nayo walikuwamo vijana wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, na wengi wao, ukiwapima kwa nasaba, ungewaweka upande wa waliopinduliwa. Walikuwamo pia watu waliopata kuwa askari polisi wa serikali ya kikoloni, wakaachishwa kazi, wakageuka kuwa wanamapinduzi. Na mwana wa Unguja, Ali Mahfoudh, ofisa wa Jeshi letu la Wananchi, alifanya kazi kwenye mpaka wa Ruvuma bega kwa bega na FRELIMO. Katika mitaa ya Unguja na Pemba swali la nani ni wetu na nani si wetu limegharimu damu na udugu. Hatuna haja ya kuwafundisha Wazanzibari. Twawaomba tu watusaidie kulisema, maana huku bara tunajisifu kwamba sisi hatukuwa na ugonjwa huo, hali mwaka 1968 ulitupanda homa.

Lipo pingamizi moja tunaloliheshimu. Mzee yule aliyeguna alitufuata baada ya mkutano akatuambia: mkianza kumwimba rubani mmoja Mzungu, nani atawaimba wanawake wa Kimakonde waliobeba masanduku ya risasi kichwani usiku kutoka mpakani? Nani atawaimba wananchi wa Mtwara na Ruvuma waliokanyaga mabomu ya Wareno mashambani mwao? Mzee ana haki. Nyanda hizi za Juu Kusini nazo zilibeba mzigo: kule Mgagao, Iringa, wapiganaji wa ZANU walipewa mafunzo, barabara kuu ya Zambia na bomba la mafuta la mwaka 1968 vimepita katika nchi yetu, na reli iliyojengwa kwa msaada wa Wachina vilevile, ili Zambia ipumue. Hakuna jina hata moja la mpagazi au mpishi wa kambi lililoandikwa mahali. Basi tusimpe Veloso zaidi ya haki yake. Alikuwa mmoja katika maelfu, na vita hakuishinda yeye.

Wala hakuwa malaika. Baada ya uhuru aliongoza idara ya usalama ya Msumbiji, SNASP, na jina la SNASP halitajwi kwa furaha na kila Mmsumbiji. Watu walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya hukumu, na anayeongoza idara hubeba lawama ya idara. Tena alikuwa mstari wa mbele katika mazungumzo yaliyozaa mapatano ya Nkomati ya tarehe 16 Machi 1984 kati ya Samora na makaburu. Wengi wetu katika Chama hatukuyapenda mapatano yale, na Afrika Kusini haikuyatimiza. Lakini angalieni aina ya lawama hizi: ni lawama anazolaumiwa kiongozi mwanamapinduzi kwa kazi aliyopewa na chama chake, sawa na mwenzake yeyote mweusi. Hakuna ndani yake lawama ya kwamba aliirudia Ureno. Wale watatu tuliowafukuza, uhuru ulipofika, mmoja alikuwa waziri, mmoja akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, na huyu rubani akakabidhiwa siri za dola. Samora hakuwa mtu wa kukabidhi siri ovyo.

Kuna hesabu nyingine inayofaa kuwekwa mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya nusu ya askari wa jeshi la Ureno nchini Msumbiji walikuwa wameandikishwa humo humo nchini, wengi wao wakiwa Waafrika. Hao ndio waliotumwa kuchoma vijiji na kuwasaka FRELIMO. Tangu Lugalo mpaka Mueda ukoloni haukukosa mikono myeusi. Anayewafundisha vijana kwamba vita ya ukombozi ilikuwa vita ya weusi dhidi ya weupe anawaficha nusu ya vita yenyewe, tena nusu iliyo ngumu, ile ya ndugu na ndugu.

Kwa hiyo tunayo maombi kwa maofisa wa serikali, wa bara na wa Visiwani. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ndani ya somo hilo mna sura ya mchango wetu katika ukombozi wa Afrika, na ni sura ya fahari, inayostahili kuwa hivyo. Iongezwe Kurasini. Mwanafunzi aambiwe kwamba pale palikuwa na shule, kwamba palitokea fujo, kwamba Muthemba aliuawa, na kwamba walimu watatu walifukuzwa, na aambiwe nani aliwafukuza. Kauli moja ya serikali, fupi, ya kukiri kwamba mwaka 1968 hatukuwatendea haki watu wale, haitapunguza hata punje ya heshima ya Tanzania mbele ya Wamsumbiji. Wao wanalijua jambo hili siku nyingi. Veloso mwenyewe alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2006. Wasiolijua ni watoto wetu.

Na kwa kuwa sisi wenyewe tuna hisa katika ukimya, hatutasubiri Wizara. Kijana aliyeuliza swali anasoma kidato cha nne. Tumemwomba, naye amekubali, kwamba tarehe 25 Julai ijayo yeye ndiye atakayesoma majina mkutanoni: ataanza na Mkwawa, atawataja wapagazi wa mpakani kwa kundi lao kwa kuwa majina yao hatunayo, atamtaja Muthemba, kisha atamtaja Veloso. Mzee aliyeguna tumemwekea kiti mbele. Amesema atakuja, lakini hatapiga makofi.